Mstari Usoni mwa Mama Godelieve

Kishindo kilitoka juu. Kitu kiligonga mabati ya paa, kikabiringika kikikwaruza hadi ukingoni, kikaangukia uani. Kikafuata kingine, kikubwa zaidi. Ndani hakukuonekana kitu. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mapazia yameshushwa, na mtu aliyemfungulia mlango Inspekta Rosette Lukendo alikuwa ameshasukuma komeo nyuma yake.

“Ni majiwe,” sauti ya mwanamke ilisema gizani. “Kila mara bantu banatoka ku soko, banapitia hapa. Utazoea.”

Rosette hakuja kuzoea. Aliwasha tochi ya simu, akaimulika sakafuni, kisha ukutani, kisha usoni mwa aliyesema. Gentille Umutesi hakufumba macho wala hakuinua mkono kujikinga na mwanga. Alikuwa mke wa Élie Kagabo, mpiga picha aliyefungwa kasho, mahabusu ya polisi, tangu jana kwa kosa la kuua, na alimtazama Rosette kama mtu anayemtazama fundi wa jeneza.

“Fungua pazia moja,” Rosette alisema. “Sifanye upekuzi na tochi.”

“Jana bapolisi bako balifanya na tochi. Balibeba ordinatere, balibeba simu, balibeba bwana yangu. Sa hii umekuya kubeba nini? Mi njo nimebakia.”

“Nimekuya juu ya mashini yenye baliacha.”

Gentille alitoa kicheko kifupi, kikavu. Alivuta pazia la dirisha la ubavuni, lililotazama ua wa jirani, na mwanga wa alasiri ukaanguka mezani. Skana, mashine ya kunakili picha, ilikuwa pale, bapa na nyeusi kama sinia iliyofunikwa. Polisi walichukua kompyuta, hii wakaiacha kwa sababu waliiona ni kifuniko cha kitu kingine.

Rosette hakuigusa. Alisimama mbele yake mikono nyuma, akayapanga kichwani aliyokuwa nayo.

Juzi jioni, mvua ilipokatika, kumbikumbi waliruka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kiishe. Jioni hiyohiyo Bonaventure Asukulu, mwenye mitumbwi na nyavu za ndagala, dagaa wa ziwani, alikutwa amelala kifudifudi pwani, kisogo kimepasuliwa kwa kasia. Shemeji yake Dieumerci, aliyekuwa akishirikiana naye kazi ya uvuvi, aliapa kwamba alimwona muuaji. Kumbikumbi walikuwa wakiruka, alisema, na Élie wa picha alikuwa amesimama juu ya Bonaventure na kasia mkononi. Walipoanza kuruka alikuwa pale, walipokwisha alikuwa bado pale, akitafuta pa kuficha kasia.

Mji wa Baraka haukushangaa. Mchana wa siku hiyo watu walimwona Bonaventure akimpiga Élie kofi mbele ya nyumba hii. Bonaventure alikuwa anajiandaa kumaliza matanga ya mama yake, Godelieve, na familia ilikuwa na picha moja tu ya marehemu. Élie aliipitisha kwenye skana ili aikuze. Picha kubwa ilipotoka, mstari mwembamba mweupe ulikuwa umeshuka toka kipaji cha uso wa mama hadi kidevuni. Bonaventure aliuita mstari huo kisu. Alisema mtu huyu ameshuka kutoka Minembwe, kwa wafugaji wa milimani, kuja kupasua uso wa mama yake, na kofi lake lilisikika mpaka kwa wauza mihogo. Kwa hiyo Élie alikuwa na sababu ya kuua, na kulikuwa na shahidi wa kumshuhudia. Kwa wengi hayo yote hayakuhitajika; kutoka Minembwe kulitosha.

Kamanda alisema faili imeiva. Élie angepelekwa Uvira kwa boti ya asubuhi. Kutoka kasho hadi boti ilipofungwa ni lazima kupita sokoni, na sokoni wavuvi wa Bonaventure walikuwa wameshaanza kukaa, makasia yamelala magotini. Rosette alimwambia kamanda waziwazi kwamba mtu huyo hatafika kwenye boti. Kamanda akamjibu waziwazi vilevile: kama anataka Élie abaki, alete shahidi wa kumkanusha Dieumerci, mtu wa mtaa huu mwenye jina, si mke wala karatasi, kabla mlango wa kasho haujafunguliwa.

Asubuhi alikuwa amemhoji Élie. Élie alisema jioni hiyo alikuwa nyumbani, peke yake, akisafisha skana kwa ndani ili aurudie uso wa yule mama ukiwa mzima. Rosette alimwambia aeleze alivyosafisha, hatua kwa hatua. Alipomaliza, akamwambia aeleze tena akianzia mwisho. Élie alieleza bila kukwama. Mstari, alisema, hautoki juu ya kioo; uchafu wa juu ya kioo huleta doa tu. Chini ya kioo, upande ambako taa huanzia safari yake, kuna ukanda mweupe. Kabla ya kusoma picha mashine huutazama ukanda huo ili ijue weupe ni upi. Punje moja ya vumbi ikikaa hapo, mashine inadanganyika, na kila picha inapata mstari toka juu hadi chini. Dawa yake ni kuifungua. Alichomoa waya, akaigeuza, akabandua vifuniko vya mpira vinavyoficha skrubu, akainyanyua fremu pamoja na kioo chake. Alifungua dirisha kwa sababu ya joto na harufu ya alkoli aliyolowesha kitambaa, na alivaa tochi ya kichwa ili aone vumbi. Skrubu moja ilimponyoka, hakuiona tena, akaifunga mashine haraka kwa zilizobaki. Kwa nini hakuitafuta?

“Badudu baliingia,” Élie alisema.

Kamanda, aliyekuwa mlangoni, aliuliza ni badudu gani.

“Sijue, komanda. Mingi. Beko na mabawa.”

Kamanda alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu anaishi Baraka, wiki ya mvua za kwanza, anajifanya hajui kumbikumbi. Hata mtoto angedanganya vizuri zaidi. Rosette hakucheka; aliyaandika maneno hayo.

Sasa alimgeukia Gentille. Alimuuliza alikuwa wapi juzi jioni. Alikuwa Lweba, kwa dada yake aliyejifungua, akarudi jana asubuhi kwa pikipiki na kukuta nyumba imejaa mabawa kila mahali, kitandani, kwenye sufuria, ndani ya viatu. Alifanya nini? Alifagia. Akatupa wapi? Akachoma pamoja na takataka.

“Ulichoma ushahidi wa bwana yako,” Rosette alisema.

“Nilifagia nyumba. Muke gani anakuta uchafu haifagie? Mungalikuta nyumba chafu, mungalisema siye tunaishi kama banyama.”

Rosette alimeza hilo. Akauliza habari za kitambaa. Majirani wawili walisema walimwona Gentille jana asubuhi akifua kitambaa, na maji yakawa mekundu. Katika faili kitambaa hicho kiliitwa kitambaa cha damu.

Gentille aliingia chumbani, akarudi na kipande cha kitenge chekundu kilichokatwa upande mmoja, akakitupa ndani ya beseni la maji na kukifikicha kwa mkono. Maji yalibadilika mara moja, mekundu kama yaliyoandikwa kwenye faili.

“Kile ingine kiko kwenu,” alisema. “Nilinunua rangi, sikununua kitenge. Muandike na hiyo.”

Rosette aliandika na hiyo. Njia moja ya uongo ilikuwa imefungwa, lakini maji mekundu hayakuwa shahidi. Kilichobaki ni ndani ya skana. Hata hapo aliona mtego: akiifungua peke yake, kamanda atasema amepandikiza alichokitaka. Lazima ifunguliwe mbele ya mtu wa mtaa, na mtu huyo awe adui wa nyumba hii, ili asije akaitwa rafiki.

Alifungua mlango.

Uani hakukuwa na mtu, lakini nje ya lango watu walikuwa wamejaa. Polisi mmoja aliyekuja naye alikuwa juu ya pikipiki, akijifanya anakagua mnyororo. Dieumerci alisimama mbele ya wote, mnene wa mabega, kitambaa cheusi cha msiba kimefungwa kwenye mkono.

“Dada ya Lubondja,” alisema kwa sauti ya kuchezea, akimwita Rosette kwa jina la kijiji chake, “balikuahidi ngombe? Ama maziwa tu?”

Watu walicheka. Rosette aliwaacha wacheke hadi kicheko kikaisha chenyewe.

“Mwenye alitupa jiwe ya mwisho,” alisema, “akuye anishikie tochi. Niko na kazi ndani. Mukono yake iko na nguvu.”

Hakuna aliyesogea. Wengine walianza kutazama viatu vyao. Rosette alipitisha macho juu ya nyuso moja moja, akasimama kwa mwanamke mzito aliyekuwa ameegemea uzio wa nyumba ya pili, mikono kifuani, midomo imebanwa. Mama Anastasie, mjane wa mvuvi, jirani wa dirisha kwa dirisha. Jana alikuwa ametoa maelezo mafupi kuliko wote: nyumba ya mpiga picha ilikuwa giza, hakukuwa na mtu.

“Mama Anastasie. Sheria inaomba muntu wa kuangalia mashini ikifunguliwa.”

“Mi siingie mule.”

“Basi nitaandika kama ulikataa. Komanda atakuita kasho akuulize juu ya nini.”

Mama Anastasie alitema mate kando, pembeni kidogo tu ya kiatu cha Rosette, akaingia.

Ndani hakuamkia. Gentille naye hakumpa kiti. Wanawake hao wawili walisimama pande mbili za meza kama watu waliokutana kwenye daraja jembamba, na Rosette akawa katikati na bisibisi.

Alimwambia mama atazame waya kwanza: umechomolewa. Akaigeuza skana, akabandua vifuniko vya mpira. Pembe tatu zilikuwa na skrubu. Ya nne ilikuwa tundu tupu. Rosette alilionyesha tundu kwa ncha ya bisibisi, akamwambia mama aseme anachokiona, na mama akasema anaona tundu, na kwamba alikuwa na jungu motoni.

Skrubu zikatoka. Rosette aliigeuza mashine tena kwa uangalifu, akaingiza ukucha kwenye mshono, akanyanyua fremu na kioo chake polepole. Harufu ikatoka, ya alkoli kwa mbali, na chini yake nyingine, ya mafuta yaliyoanza kuchacha.

Alitarajia kitu kidogo. Hakutarajia hicho. Mabawa yalikuwa yamelala ndani ya sanduku kama maganda ya vitunguu, membamba, ya rangi ya majani makavu, mengine yamekunjwa chini ya reli ambayo taa hupita juu yake. Kumbikumbi mmoja mzima alikuwa amebanwa kwenye mkanda wa kuvuta taa. Mwingine alikuwa amegandamana na ukanda mweupe, palepale ambapo mstari ulizaliwa. Pembeni, ndani ya fungu la mabawa, kulikuwa na skrubu.

Rosette alitoa kibano na bahasha, akaanza kuokota. Ubawa mmoja. Ubawa wa pili. Alifanya kazi hiyo taratibu kuliko ilivyohitajika, kichwa ameinamisha, kwa sababu alikuwa amesikia pumzi ya mama Anastasie ikibadilika.

“Njo hizi,” mama alisema.

Kibano kiliendelea.

“Njo hizi zenyewe. Avenue muzima tulizimisha mataa. Muzima. Hata ule mulevi wa ku kona alizimisha. Niliweka beseni yangu na maji, nikawasha taa moja juu yake, taa ya kuvua ya marehemu bwana yangu, na kila muntu akakuya na chombo yake. Zikaanza kumwangika kama muvula. Halafu zikageuka. Zote. Zikaenda ku huyu.”

“Pengine ilikuwa ku nyumba ingine,” Rosette alisema bila kuinua kichwa.

“Nyumba ingine gani? Beko na dirisha moja yenye inaangalia kwangu, ni hii. Ilikuwa wazi, na yeye na tochi ku kichwa kama muntu wa kuchimba zahabu. Siye bantu ba ziwa tunajua kazi ya taa. Taa yake ilikuwa kali, ikakula yangu. Beseni ikabakia maji. Nilitoka, nikakuya mpaka pale.” Alionyesha dirisha kwa kidole, hasira ya juzi ikiwa bado na moto. “Nikamuambia zimisha. Alikuwa anajipigapiga, mabawa mu nywele, ameshika hii kioo juu kama sinia ya harusi. Unajua aliniambia nini? Aliniuliza: mama, hizi ni nini? Muntu muzima, na bibi. Hizi ni nini.”

Kibano kilisimama.

Hicho ndicho kamanda alichokicheka. Kule juu kwenye baridi, kati ya ng’ombe na mashamba ya viazi, hakuna anayezima taa ya mtaa ili wadudu washukie beseni moja. Élie aliteremka Baraka wakati wa kiangazi. Hakuwa amewahi kuona kumbikumbi wa ziwani wakiruka, wala hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa hakuna jirani aliyekuwa akimsalimia. Kosa lile asingeweza kulitunga mtu aliyezaliwa hapa.

“Na alizimisha?” Rosette aliuliza.

“Azimishe wapi. Alikuwa anaokoa mashini yake. Nilisimama pale ku dirisha nikimutukana mpaka zikaisha. Zote ziliisha, na mi niko pale.”

Kiti kilikwaruza sakafu. Gentille alikuwa amekaa ghafla, bila kukitazama. Yeye alielewa wa kwanza. Mama Anastasie alimtazama, akatazama bahasha, akatazama dirisha aliloonyesha kwa kidole chake mwenyewe, na hasira yake ikapoteza pa kukaa.

“Umenidanganya,” alimwambia Rosette.

“Sikukuuliza kitu, mama. Nilikuomba kuangalia tu.”

“Wewe ni nyoka.”

“Jana ulisema nyumba ilikuwa giza.”

Mama alisema yeye alirudia kile kila mtu alikuwa anasema. Polisi walipokuja walikuwa wameshajua jibu, wakamuuliza kwa namna ya mtu anayetaka kusikia hilohilo, na nje Dieumerci alikuwa akilia kwa sauti, na nani angesimama mbele ya mtu anayelilia shemeji yake aanze kusema habari za kumbikumbi. Isitoshe, alifikiri kama Dieumerci amemwona, basi amemwona. Labda alitoka baadaye.

“Dieumerci alisema wakati zinaruka,” Rosette alisema. “Kutoka zinaanza mpaka zinaisha. Alichagua saa yake mwenyewe. Kama huyu alikuwa hapa unamutukana, kule pwani Dieumerci aliona nani?”

Mama Anastasie alikaza kitenge kiunoni, akakilegeza, akakikaza tena.

“Dieumerci anakaa wapi?” Rosette aliuliza.

“Nyuma yangu.”

“Alikuya na chombo ku beseni yako?”

“Muke yake alikuya.” Sauti ya mama ilikuwa imeshuka. “Peke yake. Alisema bwana iko pwani na Bonaventure, banagombana juu ya nyavu, tusimungojee.”

Rosette aliandika, akamsomea. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hataweka kidole kwenye karatasi hiyo. Alisema Bonaventure alikuwa mtoto wa mtaa wao. Alisema kesho wataimba jina lake yeye sokoni, watasema amekula mkate wa watu wa juu, na hakuna atakayenunua kwake ndagala hata wa kulisha paka. Kama Rosette anataka shahidi, ayachukue mabawa, ayapeleke yakaseme.

“Mabawa hayana jina,” Rosette alisema. “Komanda anataka jina. Kama hauko kesho, bwana ya huyu anapitishwa mu soko. Haitakuwa na lazima ya kwenda kuangalia, mama. Utasikia makasia kutoka hapa ku nyumba.”

“Usiniogopeshe. Nimezika bwana na batoto babili.”

Jiwe lingine liligonga paa. Hakuna kati ya watatu aliyeinua macho.

Gentille aliinuka. Alikwenda kwenye rafu, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya leso safi, akakiweka mezani upande wa mama Anastasie, akarudi mahali pake.

“Mumuchukue mama yenu,” alisema. “Bapolisi balitupa chini, mi nikaokota. Élie alinituma neno kutoka kasho: ule mama asilale ku vumbi.”

Mama Anastasie hakutaka kuifungua. Mkono ukaifungua. Ndani ilikuwa ile picha ndogo ya Godelieve, kona zimekunjamana: mwanamke mwenye kilemba aliyekaa kando ya karai la ndagala, amekunja uso kwa jua. Mama aliisogeza kwenye mwanga. Alimjua tangu wakiwa wasichana. Walikuwa wameuza samaki meza moja, wamegombana na kupatana, na kugombana tena. Aliipitishia kidole toka kipaji cha uso hadi kidevuni, akarudia.

“Hana mustari.”

“Hakukuwa na mustari kwake,” Rosette alisema. “Mustari ulikuwa mu mashini. Njo kile alikuwa anaondosha siku ile, wakati ulimukuta.”

“Bonaventure alisema alimupasua.”

“Uliona?”

“Niliona ile kubwa.” Mama aliikunja leso juu ya uso wa rafiki yake, ncha moja baada ya nyingine, taratibu. “Ile ndogo hakuna mwenye aliangalia.”

Rosette, aliyejua wakati wa kusukuma na wakati wa kuacha, aliufunga mdomo wa bahasha, akaandika jina la mama na lake, akaweka skrubu kwenye bahasha nyingine. Gentille alinyoosha mkono kutaka kuifuta mashine, na Rosette akamzuia. Hakuna kufuta kitu hadi korti iseme. Gentille alisema Élie akitoka atauliza kwa nini imeachwa wazi vumbi liingie. Rosette alimwambia aifunike na shuka.

Kishindo kingine kikaja, na safari hii jiwe lilipiga mlango.

Mama Anastasie aligeuka. Alivuta komeo mwenyewe, akaufungua mlango wote hadi ukagonga ukuta, akasimama kizingitini, mpana kama mlango wenyewe. Kijana mmoja langoni alikuwa na jiwe lingine mkononi. Alipoona ni nani, alilishusha kando ya mguu, kisha akaliacha lianguke.

“Mama, toka mule,” Dieumerci alisema. “Batakuroga.”

Mama alikuwa ameweka leso yenye picha kifuani, na alisema bila kugeuka, lakini maneno yalikuwa kwa Gentille aliyekuwa nyuma yake, na aliyasema kwa sauti ya kuitia mtumbwi ulio mbali.

“Weye, bibi ya mupiga picha. Mi sikupende. Bwana yako simupende, na beseni yangu sijaisamehe. Lakini kesho, kabla bafungue mulango ya kasho, mi nitakuwa nimesimama pale. Nitaambia komanda na jina yangu: nilimuona ku dirisha, nilimutukana kutoka zinaanza mpaka zinaisha, na hakutoka mu nyumba. Na mwenye anasema alimuona pwani, aniangalie mu macho aseme tena.”

Langoni hakukucheka mtu. Watu walianza, mmoja mmoja, kumtazama Dieumerci. Yeye alitazama kitambaa cheusi mkononi mwake, akakigusa kama anayehakikisha bado kipo, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua na kushika njia ya pwani, bila kukimbia.

Rosette alipita chini ya mkono wa mama Anastasie hadi uani. Alimwambia yule polisi aache mnyororo wa pikipiki na amfuate mtu yule, asimguse, asimpoteze, na asiruhusu mtumbwi wowote kusukumwa majini.

Nyuma yake mama Anastasie alikuwa bado kizingitini. Alikuwa amegeuka sasa, na alikuwa anamtazama Gentille usoni, kwa macho makali yasiyoahidi chai wala salamu.

“Na siku ingine zikiruka?” aliuliza.

Gentille alisogea hadi kwenye mwanga wa mlango, mbele ya watu wote waliokuwa wakimrushia mawe, mikono yake ikiwa bado myekundu kwa rangi ya kitenge.

“Zikiruka, mama,” alisema, “mi mwenyewe nitazimisha taa ya kwetu, ya kwanza mbele ya zenu zote.”